Ameruhusiwa, lakini nani anamfuata nyumbani? Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu na Waziri wa TAMISEMI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, mkazi wa Singida. Sijawahi kumwandikia kiongozi yeyote. Leo naandika kwa sababu ya karatasi moja ninayoitunza kwenye droo ya cherehani, pamoja na futikamba na vifungo. Ni karatasi aliyoruhusiwa nayo hospitali kitinda mimba wangu. Ina mistari minne ya mwandiko wa haraka, kwa Kiingereza. Nimesomewa mara nyingi hadi nimeishika kichwani: jina la upasuaji, tarehe, dawa za maumivu, arudi kliniki baada ya wiki 6. Basi. Kwa karatasi hiyo nilikabidhiwa mtoto wa miaka 16, nywele zimenyolewa, mkono wa kulia hauna nguvu, na upande wa kushoto wa kichwa hauna mfupa.

Karibu yote yaliyotupata baada ya hapo yalikuwa yanajulikana. Wataalamu wanayajua, yana majina, yamo kwenye vitabu vyao miaka na miaka. Sisi tuliotoka naye getini ndio hatukuambiwa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nieleze kwa kifupi alivyoumia. Ilikuwa siku ya mnada. Alipanda bodaboda na wenzake wawili, ule mshikaki tunaouona kila siku barabarani, na hakuna hata mmoja aliyevaa helmeti. Pikipiki iliteleza kwenye kokoto, akaangukia kichwa. Alikuja nyumbani kwa miguu yake, akaomba maji, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza. Saa mbili usiku nikasikia anakoroma mkoromo ambao siyo wake. Jirani akasema mwache alale, amechoka na jua. Nilimwamsha, hakuamka. Nikamfunua jicho, mboni ya kushoto ilikuwa imetanuka kuliko ya kulia. Muda uliopotea kwenye kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na kuchangisha pesa ya mafuta ya gari la wagonjwa sitaki kuurudia hapa. Alipasuliwa kesho yake saa nne asubuhi, katika hospitali nyingine, mbali na nyumbani. Hospitali hizo sitazitaja. Sikuandika kumshtaki mtu.

Daktari aliyempasua alitoka akiwa bado amevaa zile kandambili za chumba cha upasuaji. Alikaa chini, kwenye benchi letu, akatueleza. Damu imevilia chini ya utando wa ubongo, ubongo wenyewe umevimba, kwa hiyo wameondoa kipande kikubwa cha fuvu ili upate nafasi ya kuvimba bila kujikamua. Kipande chenyewe wamekihifadhi tumboni mwake, chini ya ngozi, kitarudishwa baadaye. Nilishika mkono wake nikalia. Daktari yule ndiye aliyenirudishia mwanangu, na yeyote atakayesoma barua hii akadhani namlaumu atakuwa hajanielewa.

Binti wa dada yangu anasomea uuguzi. Ni yeye aliyenisaidia kuelewa mengi, kwa kunitafutia na kunifasiria tafiti ambazo mimi nisingeweza kuzisoma. Kuna mmoja mkubwa wa kimataifa, ulichapishwa mwaka 2016, uliwachukua wagonjwa wa miaka 10 hadi 65 ambao ubongo ulikuwa umevimba sana baada ya kuumia na shinikizo lake limekataa kushuka kwa dawa. Wengine waliondolewa kipande cha fuvu, wengine waliendelea na dawa tu. Baada ya miezi 6, kati ya waliopasuliwa walikuwa wamefariki karibu 27 katika kila 100, na kati ya wale wa dawa karibu 49. Upasuaji unaokoa, hakuna ubishi. Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa wakaishi, wengi zaidi walibaki na ulemavu mkubwa, wengine hawajitambui kabisa.

Nimelitafakari sana jambo hili nikiwa kwenye cherehani. Serikali ikisomesha bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, ikanunua mashine ya CT-Scan, ikajenga chumba cha wagonjwa mahututi, imeamua kuwarudisha duniani vijana ambao zamani tungewazika. Ni uamuzi mwema, Mungu awabariki. Lakini vijana hao wanarudi na mahitaji, na mahitaji hayo hayaanzii wodini. Yanaanzia sebuleni kwetu, wiki ya tatu, mwezi wa tano, mwaka wa pili.

Kwanza lilikuwa lile pengo la fuvu. Akisimama, ngozi ya upande wa kushoto inabonyea kama bonde. Akiinama kufunga kamba za viatu, inatuna. Akikohoa unaona kabisa inavyopiga. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, kila akijigeuza nashtuka, nahofia asilalie upande ule. Kuna siku mbuzi alimrukia uani, nilipiga kelele mtaa mzima ukaja. Hakuna aliyetupa kinga ya kichwa, wala kutuambia kwamba inahitajika. Nikatumia ufundi wangu. Nilichukua kofia ya kitambaa kizito, nikakata kipande cha ndoo ya plastiki kikafuata umbo la kichwa, nikakizungushia sponji ya godoro pande zote mbili, nikashona safu tatu. Nilimpima kwa futikamba kama ninavyopima kola. Alivaa kofia hiyo miaka miwili na miezi minne.

Miaka miwili na miezi minne, waheshimiwa. Tuliambiwa mfupa utarudishwa baada ya miezi michache. Tulipokwenda mara ya kwanza, foleni. Mara ya pili kidonda kilikuwa na usaha kidogo, wakasema tusubiri, na hilo nilielewa, kwa sababu mfupa ukirudishwa penye vijidudu unaoza. Mara ya tatu tukapewa gharama. Tulikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na kadi hiyo ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa. Alizeti tuliyovuna ilikuwa imeshauzwa kulipia upasuaji wa kwanza. Tulipomaliza kukusanya pesa, mfupa ulikuwa umeliwa kingo ukiwa tumboni, haukai tena vizuri mahali pake. Nilielezwa kwamba mfupa uliotolewa huweza kunyonywa na mwili, na kwa wenye umri mdogo hutokea zaidi. Ikabidi kitengenezwe kizibo kwa simenti ya mifupa. Simenti nayo ina bei yake.

Halafu kuna jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Baada ya pengo kuzibwa, mwanangu alichangamka. Maumivu ya kichwa yaliyokuwa yanampata akisimama muda mrefu yalipungua, na mguu wa kulia ukawa mwepesi zaidi. Nikauliza, nikajibiwa kwamba inajulikana: ubongo uliokaa bila mfupa unaelemewa na uzito wa hewa ya nje kupitia ngozi iliyobonyea, mzunguko wa damu na wa maji ya ubongo unavurugika, na mtu anaweza kuzidi kudhoofu hadi fuvu lizibwe. Kwa hiyo ile foleni ilikuwa inamla mtoto. Tulikuwa tunadhani tunasubiri urembo.

Sasa kifafa.

Ilikuwa mwezi wa tano baada ya upasuaji, asubuhi, anapiga mswaki uani. Aligeuza shingo kulia kama anayeitwa na mtu. Mkono wa kulia ukaanza kucheza, taratibu, kisha kwa nguvu, kisha mwili mzima. Alianguka kwenye beseni la vyombo. Watu walijaa ndani ya dakika moja. Mmoja akapiga kelele, “Msimguse, likiwagusa povu lake mtaambukizwa!” Mwingine akaleta kijiko, akakilazimisha katikati ya meno ili asiume ulimi. Kijiko hicho kilimvunja jino la mbele. Pengo lake lipo hadi leo, kila akicheka naliona. Mzee mmoja tunayemheshimu mtaani akasema haya siyo ya hospitali, mtoto alilala barabarani siku ya ajali na kuna kitu kilimfuata. Na mimi, mama mtu mzima, nilimwamini. Tulikaa wiki tatu kwa mganga. Alipewa dawa ya kujifusha na kuzuiwa kula kuku na mayai. Kifafa kilimshika mara sita katika wiki hizo tatu.

Niliporudi kliniki niliwalaumu wauguzi. Nilisema mlimpa dawa ya degedege wodini siku saba tu mkaikatisha, ndiyo maana. Nilikuwa nimekosea. Nimekuja kujua kwamba kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 ulioonyesha kuwa dawa ile, fenitoini, husaidia kuzuia degedege katika wiki ya kwanza baada ya kuumia kichwa, lakini ukiiendeleza baada ya hapo haizuii kifafa kinachokuja baadaye. Kwa hiyo kuikatisha ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kukaa kimya. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 1998, uliwafuatilia watu wa jimbo la Minnesota kwa miongo, ukakuta kwamba walioumia vibaya ubongo, karibu 10 katika 100 walipata kifafa ndani ya miaka 5, na karibu 17 ndani ya miaka 30. Na aliyevilia damu chini ya utando wa ubongo yumo kwenye kundi la hatari zaidi. Mtu mmoja angetuambia maneno mawili tu, “kifafa kinaweza kuja, kikija mrudisheni,” tusingefika kwa mganga, na jino lingekuwepo.

Dawa aliyoanzishwa ni kabamazepini, baada ya fenobabito kumfanya asinzie darasani na kuwa mkali nyumbani. Imemsaidia. Tatizo ni kuipata. Fenobabito zahanati huwa ipo, mara nyingi. Kabamazepini leo ipo, mwezi ujao haipo, na duka la dawa la karibu likiwa nayo wanauza kwa kidonge. Mwaka jana alikaa siku tisa bila dawa. Siku ya kumi alishikwa, akaachiwa, akashikwa tena kabla hajazinduka. Ilichukua zaidi ya nusu saa hadi akachomwa sindano. Wataalamu wanaijua hali hiyo na wanaiogopa, maana inaua, na inaunguza ubongo uliobaki mzima. Haikuletwa na ajali. Ililetwa na kopo tupu.

Mahenge, kule Ulanga milimani, kuna kliniki ya kifafa tangu miaka ya 1960. Watu walitembea kwa miguu kufuata vidonge, na waliokuwa wakianguka motoni wakaacha kuanguka. Kama iliwezekana Mahenge enzi zile, barabara zenyewe hazipitiki, inawezekana Singida leo. Sikubali kuambiwa vinginevyo.

Lakini waheshimiwa, mkiniuliza ni lipi lililonivunja moyo kuliko yote, sitasema kifafa wala fuvu. Ni kwamba aliyerudi nyumbani hakuwa mtoto niliyempeleka.

Kabla ya ajali alikuwa mpole kupita kiasi, dada zake walikuwa wanamwita shemasi. Baada ya ajali alirusha sahani ya wali ukutani kwa sababu maharage yalikuwa ya moto. Alimtukana bibi yake. Dakika kumi baadaye anakuja kuuliza mbona bibi amenuna, hakumbuki. Anasoma ukurasa wa jiografia, akifika chini, cha juu kimefutika. Maneno yanamkimbia. Mkasi anauita “hicho cha kukatia”, dada yake anamwita “yule”. Anakijua kitu, anakiona mbele yake, jina tu haliji, na namwona anavyokunja ngumi. Nilidhani ni utundu wa umri. Baba yake alidhani bangi, akamchapa. Amelia sana baba huyu tangu alipoelezwa.

Watu hutufariji kwa kusema mtoto hupona haraka, ubongo wake bado mbichi. Kuna ukweli hapo, na kuna uongo unaotuponza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuliza hasira, inayopanga, inayomfanya mtu afikirie kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Ukiumia kabla haijakomaa, pengo halionekani siku hiyo. Linaonekana pale umri unapodai: akifika darasa la juu, akipewa majukumu, akitakiwa kujitawala. Mtoto wa miaka saba aliyepasuliwa anaweza kuonekana mzima kabisa, na matatizo yakajitokeza akiwa na miaka 13, wakati hakuna tena anayekumbuka kuihusisha tabia yake na kichwa chake. Ndiyo maana wiki 6 za kliniki hazitoshi kwa mtoto. Mtoto anatakiwa kufuatiliwa hadi awe mtu mzima.

Shuleni, Waziri wa Elimu, naomba unisikilize hapa. Mwanangu alirudi kidato cha tatu akiwa na kofia yangu kichwani. Aliambiwa kofia si sare, aivue. Nilikwenda nikaeleza, wakakubali. Haukupita mwezi, mwalimu mwingine ambaye hakuwa na habari aliona kijana aliyejilaza kwenye dawati, kumbe ni dawa, akainua fimbo. Darasa zima likapiga kelele kwa pamoja, “Mwalimu, hana fuvu!” Watoto wale ndio waliomwokoa. Mwalimu alikaa chini akatetemeka. Simlaumu, hakuna karatasi yoyote iliyokuwa imetoka hospitali kwenda shule. Baadaye tuliandikiwa barua kwamba ni mtovu wa nidhamu na hana maendeleo. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Lakini ulemavu wa mwanangu hauonekani. Anatembea, anasalimia, anacheka. Hakuna aliyejua kwamba anastahili, nasi hatukujua kwamba tunaweza kuomba. Aliacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Kwenye korido za kliniki mtu unajuana na watu. Nilikaa mara tatu na mama mmoja mwenye binti wa miaka tisa aliyegongwa na gari. Binti alipasuliwa vizuri, akaruhusiwa anaruka. Baada ya miezi miwili akaanza kuumwa kichwa asubuhi na kutapika, anatembea kama amelewa. Alitibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Akatibiwa malaria tena. Yalikuwa maji kichwani. Sisi wote tunayajua maji kichwani kwa watoto wachanga, kwa sababu kichwa kinakuwa kikubwa na kila mtu anaona. Kwa mtoto wa miaka tisa fuvu limeshafunga, kichwa hakikui, maji yanabana ubongo na mishipa ya macho kimyakimya. Alipowekewa mrija wa kuyatoa maji alikuwa haoni jicho moja, na la pili linaona ukungu. Mama yake aliniambia, “Dada, mimi ningemleta mapema. Nilikuwa sijui tu nilete nini.” Sentensi hiyo naisikia nikiwa nalala.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo, nalo ni karatasi. Wizara iandike karatasi moja ya Kiswahili, maandishi makubwa, apewe kila anayetoka wodini baada ya kupasuliwa kichwa, na muuguzi amsomee yeye na ndugu zake kabla hajafika getini. Iseme kwamba akishikwa na degedege alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, asitiwe kitu mdomoni, povu haliambukizi; ikizidi dakika 5 au akishikwa tena kabla hajazinduka, hospitali moja kwa moja. Iseme dawa za kifafa hazikatishwi ghafla hata kama ameonekana amepona. Iseme maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika asubuhi, kuona mawenge, usingizi usio wa kawaida, homa na shingo kukakamaa, majimaji yanayochuruzika puani, sikioni au kwenye mshono, au ngozi ya pengo kutuna na kuwa ngumu, vyote ni vya kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Iseme asipande miti, asiogelee peke yake, asipike kwenye moto peke yake, asiendeshe pikipiki hadi daktari aruhusu. Iseme hasira, usahaulifu na huzuni vinaweza kuja, kwamba ni ubongo unaouguza jeraha, apewe muda na apelekwe kwa mtaalamu. Na chini kabisa kuwe na namba ya simu ambayo ikipigwa inapokelewa. Nakala moja iende zahanati ya kijiji chake. Nyingine shuleni.

Kama hamna mtu wa kuiandika, nitaiandika mimi. Binti wa dada yangu atanisahihishia, na daktari wenu aipitishe.

La pili ni dawa. TAMISEMI ndiyo yenye zahanati na vituo vya afya. Naomba kijana aliyeanzishwa dawa ya kifafa na bingwa aandikishwe kwenye zahanati yake, idadi ya vidonge vyake ijulikane na iagizwe kwa hesabu yake, kama inavyofanyika kwa wagonjwa wa dawa nyingine za kudumu. Tumeona inawezekana. Nchi hii imejifunza kuhakikisha watu wanapata dawa za VVU kila mwezi hadi vijijini. Watoto wetu wa kifafa hawaombi zaidi ya hapo.

La tatu ni kurudisha mfupa. Naomba kuondoa fuvu na kulirudisha vihesabiwe kuwa tiba moja. Ukimfungua mtu, gharama ya kumfunga iwe imeshaingizwa humo, na tarehe ipangwe kabla hajaondoka wodini. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha bima waangalie kama kitita hicho kinamaliza kazi kiliyoianza: fuvu lizibwe, mrija wa maji ukiziba ubadilishwe, mazoezi ya viungo yasihesabiwe anasa. Mwanangu alipewa mazoezi ya mkono mara nne tu. Yaliyobaki nilimfanyisha mwenyewe, kukamua ndimu, kukanda unga wa chapati, baadaye kukata vitambaa chakavu kwa mkasi mkubwa. Mkono umerudi karibu wote, nashukuru. Ila wa kumfundisha maneno yaliyopotea sijampata, na huduma za utengamao, za kumsaidia mtu arudiwe na uwezo wake wa akili na tabia, kwetu huku nimezisikia redioni tu.

Mengine nitayapitia harakaharaka kwa sababu barua imekuwa ndefu. Mafunzo ya walimu yagusie mtoto aliyeumia ubongo, hata kwa siku moja. Familia za majeruhi zielezwe, wakati zinachukua PF3, kwamba chombo kilichowaumiza kina bima na kuna haki ya kudai. Sisi tulikuja kujua muda wa kudai ukiwa umeshapita. Na suala la helmeti, kwa abiria pia, litiliwe mkazo. Mwaka 2008 tafiti zilijumlishwa zikaonyesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Duniani kote ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kila aliyekufa ana wenzake walionusurika kama wangu.

Mwanangu sasa ana miaka 20. Jina lake sijaliandika, ameniomba hivyo. Anajifunza kushona, tunakaa mashine mbili zikitazamana. Sindano sikumpa kwanza, niliogopa, lakini sasa ni mwaka mzima hajashikwa akiwa kwenye cherehani. Suruali anakata vizuri, mifuko bado inampiga chenga kwa sababu ina hatua nyingi, kwa hiyo nimemchorea hatua zote ukutani kwa chaki, moja hadi tisa, naye anazifuata kwa kidole. Jana alikata, akashona, akapiga pasi suruali ya mteja bila kuangalia ukuta.

Usiku huu naandika, kopo la dawa liko hapa pembeni yangu. Nimehesabu, vidonge ni kumi na moja. Anakunywa viwili kwa siku. Zahanati wameniambia nipite Jumatatu niangalie kama zimeletwa.

Ni mimi,
Fundi cherehani, mama wa kijana,
Singida